Bendi ya goti inayohesabu: kushona kitambaa cha kuvutika kinachopitisha umeme

Mama mdogo alipoanza mazoezi ya goti nyumbani, mtaalamu wa viungo alimpa agizo moja: kaa kitini, nyoosha mguu, kunja, mara 30 asubuhi na mara 30 jioni. Akifika 12 mgeni anapiga hodi, hesabu inapotea, anaanza upya au anaacha kabisa. Ndipo nikamshonea bendi ya kwanza. Ilifanya kazi siku tatu. Siku ya nne ikawa haisomi kitu hata akikunja goti mpaka mwisho. Nilipoifumua nilikuta kitambaa kizima, betri nzima, programu haina kasoro. Kilichokatika ni uzi, milimita mbili tu kutoka ukingo wa kibao cha saketi, pale nguo laini inapokutana na plastiki ngumu.

Tangu siku hiyo kila bendi naanza kuipanga kutokea hapo. Kitambaa kinavutika, uzi wa fedha unavutika kidogo mno, kibao hakivutiki hata kidogo. Mvutano ukikosa pa kuishia, unaishia kwenye uzi. Mwongozo huu unashona bendi moja ya goti toka mwanzo hadi mwisho, lakini ukishaielewa utaweza kushona ya kiwiko, ya kidole, hata mkanda wa kifuani unaohisi pumzi.

Neno moja la tahadhari kabla ya mkasi: bendi hii inahesabu mikunjo. Haipimi ukubwa wa pembe ya goti, na haichukui nafasi ya mtaalamu wa viungo.

Vitambaa na nyuzi: kipi kinafanya nini

Kuna familia mbili za vitambaa vya kuvutika vinavyopitisha umeme, na kuzichanganya ndilo kosa la kwanza la wengi.

Familia ya kwanza ni jezi, yaani kitambaa kilichofumwa kwa vitanzi, ya nailoni na laikra iliyopakwa fedha halisi kwenye kila uzi. Kampuni ya Statex ya Bremen, Ujerumani, ni miongoni mwa watengenezaji wake wanaojulikana, na bidhaa zake zinauzwa kwa jina la Shieldex. Ukishika kitambaa hiki ni laini kama taiti, rangi yake ya kijivu chenye kung'aa, na umeme unapita karibu bila kizuizi. Kwa sababu hiyo kinafaa kuwa njia ya umeme, yaani kinashika nafasi ya waya.

Familia ya pili ni jezi iliyopakwa polima (aina ya plastiki) inayopitisha umeme, mara nyingi polipiroli, au iliyotiwa kaboni. Hii ni nyeusi au kijivu cha makaa, na inaugomea umeme sana. Ukiivuta, vitanzi vya jezi vinabanana au kuachana, njia za umeme ndani yake zinabadilika, na ukinzani unabadilika nao. Hiki ndicho kihisi chetu, yaani sehemu inayohisi goti likikunjwa. Elimu ya plastiki zinazopitisha umeme ndiyo iliyowapatia Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000, na hapa tunaivaa gotini.

Kwa upande wa nyuzi, wa nailoni iliyopakwa fedha ni laini na unapita kwenye cherehani vizuri, ila fedha hufifia na kuwa nyeusi kadiri inavyokutana na jasho na hewa. Uzi wa chuma cha pua haupati kutu na unavumilia kufuliwa, lakini ni mkaidi: unachomoza manyoya madogo, na manyoya hayo yakigusa njia ya jirani umeme unapita mkato. Kwa bendi hii natumia wa fedha. Kuna pia vitambaa vya shaba na nikeli vinavyouzwa kwa ajili ya kuzuia mawimbi ya redio. Viache: vingi havivutiki, na nikeli inawatoa upele watu wengi.

Wazo la kuvisha uzi madini si geni kwetu. Zari ya joho na ya nguo za harusi ilitengenezwa hivyo hivyo, utepe mwembamba wa fedha au shaba iliyopakwa dhahabu ukizungushwa juu ya uzi wa hariri au pamba. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walioanza kushona saketi kwenye nguo miaka ya 1990 walitumia hariri iliyofumwa pamoja na nyuzi za namna hiyo. Ukiwa na joho la zamani la babu, gusa zari yake kwa mita ya fundi redio, ile ya kupima umeme, ikiwa kwenye mlio, bila kuiumiza. Ikiwa ni ya madini kweli, mita italia. Zari nyingi za dukani siku hizi hazilii, kwa kuwa ni plastiki yenye rangi ya dhahabu.

Vitu vya kuwa navyo

Soksi ya goti ya laikra isiyo na vyuma, saizi ya mvaaji. Kipande cha jezi ya polima, sentimita 10 kwa 10 kinatosha na kubaki. Jezi ya fedha, sentimita 10 kwa 25. Uzi wa fedha, mita tano. Kipande cha jinzi kuukuu, na kipande cha kile kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi ambacho mafundi huweka ndani ya kola ya shati. Vifungo vya chuma vya kubana, vile vya nguo za watoto wachanga, jozi tatu. Kuteksi isiyo na rangi. Mita ya fundi redio. Rezista (vipande vidogo vya kuzuia umeme) za thamani mbalimbali na kapasita (kipande cha kuhifadhi chaji kidogo) moja ya mikrofaradi 0.1. Kishikizo cha betri tatu ndogo za AAA.

Kibao ninachopendekeza, yaani kompyuta ndogo ya kuwekewa programu, ni LilyPad Arduino, kilichobuniwa na Leah Buechley na kuanza kuuzwa mwaka 2007 kwa ajili ya kushonwa kwenye nguo: ni cha duara, matundu yake mapana yanapitisha sindano, na betri tatu za AAA, yaani volti 4.5, zinakitosha. Ukikosa, Arduino yoyote ndogo inafaa, ila utachomelea nyaya badala ya kushona.

Kibao, rezista na kapasita utavipata Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Jezi zenyewe na uzi wa fedha mara nyingi huagizwa nje, na kwa kuwa huuzwa vipande vidogo, agizeni watu wawili watatu pamoja mgawane gharama ya kusafirisha. Njia nyingine, kwa anayejua krosheti: fuma ukanda kwa uzi wa sufi na uzi wa chuma cha pua ukivishika pamoja. Vitanzi vikivutwa vinagusana tofauti na ukinzani unabadilika. Hautulii kama jezi ya polima, ila unahesabu.

Hatua ya 1: ielewe omu kwa mraba

Omu ni kipimo cha ukinzani. Muuzaji atakuambia kitambaa kina "omu 20,000 kwa mraba". Wengi huuliza: mraba wa ukubwa gani? Wowote. Kata mraba wa sentimita 2, pima toka ukingo hadi ukingo wa pili. Kata wa sentimita 10, pima tena. Utapata karibu jibu lile lile. Umeme una safari ndefu zaidi kwenye mraba mkubwa, lakini una barabara pana zaidi kwa kiasi hicho hicho.

Kwa hiyo hesabu miraba. Ukanda wenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 8 ni miraba minne iliyopangwa kwenye foleni. Kwa kitambaa cha omu 20,000 hiyo ni omu 80,000 hivi. Ukanda wa jezi ya fedha yenye omu 2 kwa mraba, upana sentimita 1 na urefu 18, ni miraba 18, yaani omu 36. Weka namba hizo mbili pembeni kwa pembeni, 80,000 na 36. Hata njia ya fedha ikivutwa na omu zake zikaongezeka maradufu, kihisi hakitasikia. Ndiyo maana tunaweza kupitisha njia za umeme kwenye nguo inayovutika bila hofu, mradi kihisi chenyewe kiwe na ukinzani mkubwa. Taa na mota hazina huruma hiyo. Njia ya betri iwe fupi na pana.

Hatua ya 2: pima goti, kisha pima kitambaa

Mwambie mvaaji anyooshe mguu. Kwa kalamu chora nukta moja juu ya pia ya goti na nyingine chini yake, sentimita 8 kati yao. Sasa akunje goti hadi pale anapoweza bila maumivu, na upime tena kwa futi ya fundi cherehani ukifuata ngozi. Kwa mama mdogo nukta zilifika sentimita 11. Hiyo 8 hadi 11 ndiyo safari ambayo kitambaa kitasafiri kila siku, na majaribio yote ya mezani yafanyike ndani yake tu.

Kata ukanda wa majaribio wa sentimita 2 kwa 12, mmoja kwa urefu wa kitambaa na mwingine kwa upana, maana jezi haivutiki sawa pande zote. Kabla ya kupima chochote, uvute na kuuachia mara 50. Jezi mpya hubadilika sana katika mivuto ya kwanza kisha hutulia. Ukipima kabla ya hapo unaandika namba ambazo kesho hazitakuwepo.

Bana ncha mbili kwa vibanio vya mita, sentimita 8 kati yake, juu ya ubao wenye rula. Usishike vibanio kwa mikono miwili: mwili wako nao unapitisha umeme kidogo, na kwa ukinzani mkubwa kama huu utaharibu kipimo. Andika namba kila sentimita ukivuta, na tena ukirudi. Changu kilikuwa omu 60,000 kwa sentimita 8, kikashuka hadi 38,000 kwa sentimita 11. Kiliporudi sentimita 8 kilisoma 63,000, kikachukua kama dakika moja kurudi 60,000. Ucheleweshaji huo si ubovu wa kitambaa chako, ndiyo tabia ya jezi na laikra, na tutaushughulikia kwenye programu. Chako kinaweza kupanda badala ya kushuka. Hilo halina shida. Lililo muhimu ni kwamba kinafuata upande mmoja safari nzima bila kugeuka katikati. Kati ya ukanda wa urefu na wa upana, chagua uliobadilika zaidi.

Hatua ya 3: kata, panga tabaka

Kihisi: sentimita 2 kwa 11, ili ncha zote mbili zipate sentimita 1.5 za kulaliana na fedha na katikati zibaki 8 huru. Viringisha pembe zake. Pembe kali ndipo kitambaa kinapoanza kubanduka.

Vaa soksi ya goti, au mvishe mvaaji, na utie alama ya chaki juu ya pia ya goti. Kihisi kinakaa wima, katikati yake juu ya pia. Kibao kitakaa nje ya paja, juu ya goti, kiganja kimoja toka kwenye pia, kwa sababu hapo ngozi haivutiki sana mguu ukikunjwa.

Toka ncha ya juu ya kihisi, ukanda mfupi wa fedha unakwenda hadi kwenye kibao. Toka ncha ya chini, ukanda mrefu unapanda ubavuni mwa goti, sentimita 2 au zaidi mbali na kihisi, hadi hapo hapo. Njia mbili zisikutane mahali popote. Kama lazima zipishane, weka kipande cha laikra ya kawaida katikati.

Vyote hivi vikae upande wa nje wa soksi, si upande wa ngozi. Jasho ni maji ya chumvi na linapitisha umeme. Nilipoweka kihisi kwa ndani, namba zinazosomwa na kibao zilipanda taratibu kadiri mama mdogo alivyotoka jasho, mpaka bendi ikaona goti limekunjwa ilhali mguu umenyooka. Juu ya kila kitu utashona mwishoni kifuniko cha laikra nyepesi.

Hatua ya 4: mshono

Mshono ulionyooka hauvutiki. Ukivuta nguo, uzi unakatika. Kila mshono wa bendi hii uwe zigizaga: upana milimita 3, urefu wa hatua milimita 1.5 hadi 2. Cherehani nyeusi ya kukanyaga iliyopo kwa mafundi wengi haina zigizaga. Mpelekee fundi mwenye mashine inayoweza, au shona kwa mkono, ambayo kwa bendi moja ni kazi ya jioni moja tu.

Uzi wa fedha uweke kwenye bobini, juu uweke uzi wa kawaida wa poliesta. Uzi wa juu unapita kwenye tundu la sindano mara nyingi kabla ya kutulia kwenye nguo na unasuguliwa kila mara; wa fedha ukipita huko unachubuka na kuacha vumbi la kijivu. Legeza kidogo mkazo wa juu. Tumia sindano ya jezi, yenye ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa. Usivute nguo wakati unashona. Ikiwa jezi inamezwa na mashine, weka karatasi ya tishu chini yake, utaichana baadaye.

Kanda za fedha na kihisi zishone kwenye soksi kwa uzi wa kawaida tu, pembezoni. Uzi wa fedha unahitajika mahali pawili pekee: pale fedha inapolaliana na kihisi, ambapo unapita mistari minne mitano ya zigizaga ili kugusana kuwe imara, na pale fedha inapofika kwenye vifungo.

Ukimaliza, shika mshono karibu na sikio na uvute polepole hadi mwisho wa safari yake. Ukisikia mlio mdogo wa kukatika, hatua zako ni ndefu mno. Fumua sasa, kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5: laini na kigumu

Hapa ndipo bendi yangu ya kwanza ilipofia, kwa hiyo usiharakishe.

Niliishona kama mtu anavyochomelea waya: ukanda wa laikra unavutika wote, halafu ghafla kibao. Kila goti lilipokunjwa, sentimita 3 zote za mvutano zilitaka kupita kwenye mstari mmoja, ukingo wa kibao. Uzi ulivumilia mamia ya mikunjo kisha ukaachia.

Dawa ni kuushusha mvutano kwa ngazi. Kata jinzi sentimita 5 kwa 6, pembe za mviringo. Kata kile kitambaa cha kola kiwe kikubwa kuliko jinzi kwa sentimita 1.5 kila upande, nacho pembe za mviringo, ukibandike kwa pasi ya moto wa wastani upande wa ndani wa soksi, pale kibao kitakapokaa. Jaribu pasi kwanza kwenye kipande cha jezi ya fedha; ikigeuka rangi, punguza moto. Kisha jinzi juu yake, upande wa nje. Sasa una ngazi nne: laikra, laikra iliyogandishwa, jinzi, kibao. Kingo zake zisiangukie mstari mmoja. Ukipitisha kidole toka gotini kwenda kwenye kibao, unapaswa kuhisi nguo ikikaza kidogo kidogo bila ngazi ya ghafla.

Ukanda wa fedha uingie chini ya jinzi angalau sentimita 2, na upana wake uongezeke unapokaribia: sentimita 1 gotini, sentimita 2 chini ya jinzi. Mahali panapoumia pawe na nguo nyingi zaidi.

Kisha usishone kibao moja kwa moja kwenye fedha. Tumia vifungo vya kubana. Nusu jike inashonwa kwenye jinzi juu ya ukanda wa fedha, uzi wa fedha ukipita kila tundu mara sita, ukikazwa kila mara. Nusu dume inachomelewa waya mfupi laini wenye nyuzi nyingi ndani, na waya huo unakwenda kwenye kibao, ambacho kimekaa juu ya kipande chake chenyewe cha jinzi. Kikwangue kifungo kwa msasa kwanza ili risasi ishike, na chomelea kabla hakijakaribia nguo, maana moto wa kuchomelea unayeyusha nailoni. Vifungo viwili vinapitisha umeme, cha tatu kinashikilia tu. Faida utaiona siku ya kufua: kibao kinabanduka chote kwa sekunde mbili.

Fundo la uzi wa fedha linateleza na kufunguka lenyewe. Funga mara tatu, tia tone la kuteksi, subiri ikauke, ndipo ukate mkia ubaki milimita 2. Usikate kabla. Mkia mrefu uliojificha chini ya nguo ukigusa njia ya pili utatafuta kosa usiku kucha.

Sasa mita kwenye mlio: gusa njia moja na nyingine. Isilie. Kunja nguo, ikunjekunje kama unavyokunja nguo chafu, bado isilie. Kisha mita kwenye omu, toka kifungo hadi kifungo: upate namba iliyo karibu na ile ya hatua ya 2, na ibadilike ukivuta.

Hatua ya 6: chagua rezista

Kibao hakisomi ukinzani, kinasoma volti. Unaweka kihisi na rezista moja kwenye foleni kati ya chanya na hasi, na unasoma volti katikati yao kwenye tundu A0. Jibu linatoka kati ya 0 na 1023.

Watu huchukua rezista iliyopo mezani, na hapo wanajinyima. Rezista bora ni kipeuo cha pili cha zao la namba zako mbili. Kwangu: 60,000 mara 38,000, kisha kipeuo cha pili, ni karibu 47,700. Dukani kuna ya 47,000. Nayo, kihisi kikiwa upande wa chanya, mguu ulionyooka unasoma karibu 449 na uliokunjwa 566, tofauti ya ngazi zaidi ya 115. Kwa rezista ya omu 1,000 ningepata karibu 17 na 26, ngazi tisa, na kelele za umeme pekee zingezimeza.

Ikiwa ukinzani wa kitambaa chako unapanda ukivutwa, badilisha nafasi: kihisi kiwe upande wa hasi, rezista upande wa chanya. Kwa njia hiyo namba itapanda goti likikunjwa, na programu ya hapa chini haitahitaji kuguswa. Weka kapasita kati ya A0 na hasi. Inasaidia kibao kusoma vizuri chanzo chenye ukinzani mkubwa kama huu.

Hatua ya 7: programu

```
const int KIHISI = A0;
const int TAA = 13;
float laini = 0;
float chini = 1023, juu = 0;
int hesabu = 0;
bool limekunjwa = false;

void soma() {
  laini = laini + 0.2 * (analogRead(KIHISI) - laini);
  delay(20);
}

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  pinMode(TAA, OUTPUT);
  laini = analogRead(KIHISI);
  unsigned long mwanzo = millis();
  while (millis() - mwanzo < 15000) {
    soma();
    if (laini < chini) chini = laini;
    if (laini > juu) juu = laini;
  }
}

void loop() {
  soma();
  float asilimia = (laini - chini) * 100.0 / (juu - chini);
  if (!limekunjwa && asilimia > 70) {
    limekunjwa = true;
    hesabu++;
    digitalWrite(TAA, HIGH);
    Serial.println(hesabu);
  }
  if (limekunjwa && asilimia < 35) {
    limekunjwa = false;
    digitalWrite(TAA, LOW);
  }
}
```

Sekunde 15 za mwanzo ni za kujifunza: mvaaji akunje na kunyoosha goti taratibu mara tatu nne. Bendi haivaliwi sawasawa kila siku, kwa hiyo usiandike namba za jana ndani ya programu.

Vizingiti viwili, 70 na 35, ndivyo vinavyoshughulikia ucheleweshaji wa jezi. Kwa kizingiti kimoja, goti likitetemeka karibu nacho mkunjo mmoja unahesabiwa mara nne. Na kwa kuwa kitambaa hakirudi mara moja mahali pake, 35 inampa mvaaji nafasi ya kunyoosha bila kusubiri jezi itulie. Ukiona mikunjo mingine inarukwa, pandisha 35 hadi 45 kabla ya kugusa kitu kingine.

Ukijaribu bendi ikiwa mwilini na waya umeunganishwa kwenye kompyuta, kompyuta itumie betri yake, isiwe kwenye chaja. Ikishakuwa tayari, ongeza taa ya pili au kifaa kidogo cha mlio kinacholia hesabu ikifika 30. Mama mdogo alipendelea mlio, kwa sababu anafanya mazoezi huku anasikiliza redio na hataki kuangalia goti.

Kuvaa na kufua

Kishikizo cha betri kiwekwe kwenye mfuko wa jinzi, kwa nje ya paja. Sitii betri bapa za lithiamu kwenye kitu kinachokaa karibu na kiungo kinachokunjwa. Zikipindwa au kutobolewa zinaweza kuwaka.

Fua kwa mkono, maji baridi, sabuni ya kawaida kidogo. Bandua kibao kwanza. Jiki ni marufuku, inaimaliza fedha. Usikamue kwa kusokota: laza bendi kwenye taulo, kunja, kandamiza. Anika kivulini. Joto, unyevu na hewa vinaidhoofisha polipiroli pole pole hata bila kufua, na hewa ya pwani si rafiki yake. Ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

Kila baada ya kufua, ikiwa kavu kabisa, pima omu toka kifungo hadi kifungo, mguu umenyooka na mguu umekunjwa, na uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Namba mbili zikipanda pamoja, kitambaa kinazeeka. Badilisha rezista ifuate kipeuo kipya. Zikirukaruka unapoigusa nguo bila kuivuta, kuna mshono ulioachia, na uanze kutafuta kwenye ukingo wa jinzi. Ile ya pili ya mama mdogo ilianza kurukaruka mwezi wa tano. Niliifumua pale pale ukingoni nikakuta mistari miwili ya zigizaga imekatika na miwili bado inashika. Nikaongeza mitatu, tone la kuteksi, na jioni ile ile akahesabu 30 zake.